MBWA HAFI MAJI AKIONA UFUKO
Somo kuhusu matembezi ya mbwa katika majira ya baridi

Na Mlezi wa Chama



Siku moja tulipokuwa tukichambua methali katika mkutano wa chama, tulifika kwenye hii: "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Maana yake tuliipata bila taabu. Mtu aliyekwisha kuuona mwisho wa shida yake hupata nguvu mpya, hakati tamaa tena. Nikadhani tumemaliza, tuendelee na nyingine. Kumbe bado! Mwanachama mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono.

"Mwalimu, kwani mbwa anaenda ufukoni kufanya nini?"

"Labda ametembezwa na mwenyewe," nikamjibu.

"Ametembezwa? Mbwa? Ati kama mgeni?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Sikuwalaumu. Wengi wetu tunamjua mbwa wa kufunguliwa usiku na kufungwa asubuhi, yule ambaye kazi yake imeandikwa langoni kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. (Hapa nisimame kidogo kama mwalimu wa sarufi. Mbwa yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo ni mbwa mkali, si mbwa kali. Vibao hivyo vimewapotezea watahiniwa wengi alama.)

Kicheko kilipotulia, yule mwanafunzi akauliza tena, safari hii bila mzaha: "Na kule kwenye theluji je, mwalimu? Huko nako mbwa anatolewa nje?" Kengele ikalia kabla sijajibu. Nikamwahidi jibu katika jarida letu, na ahadi ni deni. Hebu basi tufanye safari hiyo pamoja, tangu mlangoni hadi kurudi. Mwishoni tutairudia methali yetu tuone kama inasema kweli siku zote, maana mimi nina shaka nayo.

1. MAHALI PENYEWE

Fungua ramani ya Marekani. Tazama pembe ya juu kabisa upande wa kulia, yaani kaskazini mashariki, mpakani na Kanada. Hilo ndilo jimbo la Maine. Kando ya pwani yake kuna kisiwa kiitwacho Mount Desert, na karibu nusu ya kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa ya Acadia. Eneo hilo lilianza kulindwa na serikali mwaka 1916, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919 kwa jina la Lafayette, kisha likapewa jina la Acadia mwaka 1929.

Nimepachagua hapo kwa sababu mbili. Kwanza, msitu wake unateremka mpaka baharini, hivyo kwa matembezi mafupi utaona miti na mawimbi. Pili, tofauti na hifadhi zetu za wanyama ambako mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia, Acadia humkaribisha katika njia nyingi. Kuna takriban kilomita 160 za njia za miguu anazoweza kupita, na kilomita 72 za barabara za changarawe zilizojengwa kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Barabara hizo zilijengwa na tajiri John D. Rockefeller Mdogo kati ya mwaka 1913 na 1940, na hadi leo motokaa za wageni haziruhusiwi kupita humo.

Sisi tutafuata njia mbili fupi kusini magharibi mwa kisiwa. Moja yaitwa Wonderland, kilomita 2 na kidogo kwenda na kurudi. Jirani yake ni Ship Harbor, kilomita 2 hivi, nayo imejikunja mfano wa tarakimu 8. Zote mbili hupita msituni na kutokea kwenye miamba ya pwani.

Usidhani lugha yetu iko mbali na huko. Mjini Portland, jimbo hilohilo la Maine, wapo wahamiaji kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili. Kwa hivyo si ajabu siku moja mbwa wa Maine akiambiwa "Kaa!" au "Njoo!" na akatii.

2. JUA, MAJI NA UPEPO

Safari ya baridi huanzia mezani. Kabla ya kuchukua kamba ya mbwa, mwenye mbwa anatakiwa ajue mambo matatu.

(a) Jua litatua saa ngapi. Sisi wa ikweta jua letu ni la kuaminika, mwaka mzima mchana na usiku hukaribia kulingana. Kule, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada tu ya saa moja asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Yaani saa ambayo wewe unatoka darasani kwenda michezoni, kwao giza linaingia! Mchana mzima haufiki saa tisa. Anayeondoka nyumbani saa nane akisema "ni kamwendo kafupi tu" amebakiwa na mwanga wa chini ya saa mbili. Akiteleza akaumia mguu, atakuwa gizani pamoja na mbwa wake. Kwa hivyo hubeba tochi hata kama ametoka adhuhuri, na humwambia mtu wa nyumbani anapita njia gani na atarudi lini. Katika majira hayo barabara nyingi za hifadhi hufungwa, wapita njia ni wachache, na simu ya mkono haishiki kila mahali.

(b) Maji yatajaa saa ngapi. Hapa wenzetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale wanaweza kuwa walimu wa Wamarekani. Nani kati yao asiyejua kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu? Pwani ya Maine tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 3 au zaidi, si mbali na bamvua ya Mombasa. Karibu na mji wa Bar Harbor kuna kisiwa kidogo kiitwacho Bar Island. Maji yakipwa, njia ya mchanga na changarawe hujitokeza, na watu huvuka kwa miguu pamoja na mbwa wao. Njia hiyo iko wazi saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa moja na nusu baadaye. Basi.

Ukichelewa je? Tupige hesabu. Kutoka kupwa hadi kupwa ni takriban saa 12 na dakika 25. Toa saa 3 za njia kuwa wazi. Zinabaki saa 9 na dakika 25 za kukaa kisiwani ukimtazama mbwa naye akikutazama. Wakati wa kiangazi ni aibu tu. Usiku wa Januari ni hatari ya maisha. Ndiyo maana mtu hutazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka, kama nahodha wa jahazi.

(c) Upepo ni mkali kiasi gani. Kipimajoto hakikwambii yote. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sufuri, na upepo wa pwani ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi ya uso wa mtu huhisi kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sufuri. Upepo hupeperusha ile hewa ya moto inayozunguka mwili. Kwa mbwa ni vivyo hivyo: manyoya yake humkinga kwa kushika hewa ndani yake. Yakipulizwa na upepo, au mabaya zaidi yakilowa maji, kinga hiyo hupungua sana.

3. SI KILA MBWA

Mtu husema, "Ah, mbwa ana manyoya, hasikii baridi." Si kweli. Jotoridi la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo kuliko letu la 37, na lazima alilinde kama sisi.

Huski, mbwa wa kuvuta magari ya theluji, ana manyoya ya tabaka mbili: ya ndani ni laini kama sufi, ya nje ni marefu ya kuzuia maji na upepo. Huyo theluji ni kitanda chake. Lakini mbwa mwembamba mwenye manyoya mafupi, mbwa mdogo wa kubebwa, mtoto wa mbwa, mbwa mzee au mgonjwa, hao huvishwa koti na matembezi yao hufupishwa. Usicheke! Hata wewe asubuhi ya Julai huji shuleni bila sweta.

Ajabu moja ni nyayo za mbwa. Anawezaje kukanyaga barafu pekupeku? Ndani ya nyayo, mishipa inayoleta damu ya moto hupita sambamba na ile inayorudisha damu iliyopoa. Damu ya moto huipasha ile baridi kabla haijarudi mwilini, na nyayo hubakiwa na joto la kutosha zisigande. Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka. Mbwa akianza kuinua mguu mmoja mmoja, au akisimama na kukataa kwenda, anasema kwa lugha yake kwamba miguu inamwuma. Mwenye kusikia na asikie.

4. KAMBA

Sheria ya Acadia ni fupi. Mbwa afungwe kamba wakati wote, na kamba isizidi futi 6, yaani mita 1.8 hivi. Aidha haruhusiwi katika njia zile za kupanda majabali kwa vishikio vya chuma, kama vile Precipice na Beehive.

Nasikia mwanachama akinung'unika: "Mbona afungwe, na hakuna mtu?" Sababu zipo. Mbwa huona paa msituni na miguu yake humtangulia akili. Atamfukuza mpaka apotee, au mpaka paa, ambaye wakati wa baridi ana chakula kidogo, amalize nguvu alizojiwekea. Tena wapo watu wanaoogopa mbwa. Si haki mtu aghairi matembezi yake kwa sababu wewe umepiga kelele kutoka mbali, "Usijali, haumi!" Kwani yeye atajuaje?

Hata hapa kwetu sheria ni hiyo. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, mbwa huingia akiwa amefungwa kamba.

Neno la ziada kuhusu wawindaji. Ndani ya Acadia uwindaji umepigwa marufuku. Nje ya mipaka yake, Novemba ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki katika jimbo la Maine. Wanaotembea misitu hiyo hujivika na kuwavika mbwa wao vizibao vya rangi ya machungwa yenye kung'aa, ili mwindaji asije akadanganyika.

5. MSITUNI

Sasa tumeingia Wonderland. Miti mingi ni ya jamii ya msonobari, majani yake kama sindano, nayo haipukutiki wakati wa baridi. Chini ni theluji, na kimya chake ni kikubwa.

Uzuri huo una mitego yake. Theluji iliyokanyagwa na wengi hugeuka barafu ngumu na yenye utelezi. Watembezi huvaa meno ya chuma chini ya viatu. Mbwa ana kucha zake, kwa hivyo yeye anakwenda mbio na wewe unateleza. Mbwa mwenye nguvu akiivuta kamba ghafla, mwenyewe huanguka chali. Ndiyo sababu humfundisha neno "taratibu" kabla ya theluji kuanguka.

Theluji nayo hujikusanya baina ya vidole vya mbwa ikawa vidonge vya barafu, kama kokoto ndani ya kiatu. Kila baada ya muda mtu husimama, akainua mguu wa mbwa na kuviondoa polepole kwa vidole vyake. Wengine huwapaka nyayo mafuta mazito ya kujipaka kabla ya safari, na wengine huwavisha viatu. Maji ya kunywa hubebwa pia. Mbwa hula theluji, ndiyo, lakini kwa kufanya hivyo anapoza mwili wake kutoka ndani, na kiu haiishi.

Wapo wanyama wawili wa kuangalia. Wa kwanza ni nungunungu. Wa huko, tofauti na wetu, hupanda miti. Miiba yake ina vijino vidogo kama vya ndoana, hivyo ikiingia puani mwa mbwa huzidi kuzama. Si kazi ya kufanya njiani, ni ya daktari wa mifugo.

Wa pili ni kupe. Utasema, "Kupe katika theluji?" Naam! Kupe wa Maine wanaoeneza ugonjwa wa Lyme hawafi wote kwa baridi. Hewa ikipanda kufika nyuzi 4 juu ya sufuri, hata Januari, wakubwa wao huamka na kutafuta damu. Kwa hivyo siku ya baridi yenye kijua kizuri ndiyo siku ya kumkagua mbwa na kujikagua mwenyewe.

6. UFUONI

Miti inakoma, tunatokea kwenye miamba. Ni mawe ya matale yenye rangi ya waridi, na mbele yetu ni Bahari ya Atlantiki. Msomaji wa Pwani, sahau mchanga mweupe na minazi.

Maji ya bahari huganda yakifika takriban nyuzi 2 chini ya sufuri, kwa sababu ya chumvi. Lakini marasharasha ya mawimbi yakirukia jiwe lenye baridi zaidi huganda papo hapo yakawa kama kioo. Chini yake kuna mwani. Juu kidogo ya mwani kuna mkanda mweusi mwambani, na huo mweusi ni viumbe vidogo vyenye utelezi wa sabuni. Kanuni yake ni rahisi: jiwe jeusi usilikanyage, wala usimwache mbwa alikanyage, maana kamba moja inawafunga wawili. Akiteleza yeye, nawe umo.

Usiipe bahari mgongo. Agosti mwaka 2009, wimbi la tufani iliyoitwa Bill lilipiga miamba ya Acadia. Watu watatu walivutwa baharini, na mtoto wa miaka 7 akafa. Hayo yalitokea wakati wa kiangazi, maji yakiwa na afadhali. Katika majira ya baridi dhoruba ni nyingi zaidi, na maji ni baridi kupita kiasi.

Mbwa pia asinywe maji ya bahari. Yatamtapisha na kumkausha mwili. Na akimwona sili amelala mwambani, msogezeni mbali. Sili ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, mwenye mapezi badala ya miguu, ambaye hupanda nchi kavu kupumzika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inakataza kumsumbua.

7. BARAFU YA ZIWANI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Ndani ya kisiwa kuna maziwa madogo, kama Jordan Pond na Echo Lake. Wakati wa baridi uso wake huganda. Ushauri wa kawaida ni kwamba barafu safi na ngumu iwe na unene wa sentimita 10 angalau kabla ya mtu mmoja kuikanyaga kwa miguu. Lakini barafu haiwi sawa kila mahali. Penye mto unaoingia, penye chemchemi au penye majani, huwa nyembamba. Mbwa hajui sentimita. Anamwona bata, anakimbia, na barafu inavunjika.

Hapo ndipo watu hufa. Mbwa anaanguka, mwenyewe anamfuata, naye barafu iliyoshindwa kumbeba mbwa haiwezi kumbeba yeye. Nchi za baridi husikia habari hizo mara kwa mara. Wakati mwingine mbwa hujikwamua akatoka, na aliyeingia kumwokoa asitoke.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu ili kuchunguza jambo hili, hufundisha tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mtu hutweta kwa mshtuko, na kazi yake ni kutuliza pumzi asimeze maji. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inamtii ajitoe. Baadaye ana takriban saa 1 kabla ya kuzimia kwa baridi. Maana yake, hata muogeleaji hodari ana dakika 10 za kujisaidia.

Kwa hivyo kanuni ni hizi:
- Mbwa asifunguliwe kamba karibu na ziwa lililoganda.
- Akianguka, usimfuate. Baki nchi kavu.
- Piga simu ya dharura. Marekani ni 911.
- Mwite kwa jina kutoka ulipo, kwa sauti ya furaha, ili ageuke aelekee upande alikotoka, ambako barafu ilimbeba.
- Ukiwa na kamba ndefu au mti mrefu, nyoosha kutoka ufuoni.
- Ukianguka wewe, geukia ulikotoka, piga miguu, jisukume juu kwa tumbo, kisha bingirika. Usisimame.

Najua kanuni ya pili ni ngumu. Nitakwambia ninavyojua, na sikuijifunza penye theluji. Nilipokuwa darasa la tano tulikuwa na mbwa wetu, Simba, aliyenifuata shuleni kila asubuhi. Msimu mmoja wa masika mto ulifurika. Mimi na kaka yangu tulipita juu ya gogo, Simba akapita majini kama kawaida yake. Mkondo ukamchukua hadi penye kingo za matope zilizosimama wima. Alikuwa hatua tatu kutoka ufukoni. Aliuona, nasi tulimwona akiuona. Alikwangua matope kwa kucha, akateleza, akakwangua tena. Nilitaka kuruka. Kaka yangu alinishika shati kwa mikono miwili hata likachanika, hakuniachilia. Simba hakutoka.

Nilimchukia kaka yangu kwa muda mrefu. Leo naandika makala haya kwa sababu alinishika.

8. KURUDI NYUMBANI

Matembezi hayaishi mlangoni. Kule barabara hunyunyizwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hukereketa nyayo za mbwa, naye akizilamba humchafua tumbo. Kwa hivyo huoshwa miguu kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa. Hatari kubwa zaidi ni dawa ya rejeta ya kuzuia maji kuganda, inayovuja chini ya motokaa. Ile ya kawaida ni tamu, mbwa huipenda, na kiasi kidogo tu huharibu figo zake hata akafa. Ukimwona anailamba, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari mara moja.

Mkague vilevile kama baridi imemwingia mwilini. Mwanzo hutetemeka. Kisha huwa mnyonge, akapepesuka, akataka kulala. Ukiona kutetemeka kumekoma ilhali bado ni baridi na mnyonge, usifurahi, maana mwili umeishiwa nguvu za kujipasha. Mkaushe, mfunike mablanketi, mpashe polepole, mwite daktari.

Na kile alichokiacha njiani? Mwenyewe hukiokota kwa mfuko wa plastiki na kukitupa jalalani. Hapo najua mtacheka tena. Chekeni, lakini njia ni ya wote.

9. METHALI YETU TENA

Je, ni kweli kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko? Wahenga walisema kweli kuhusu moyo: tumaini huongeza nguvu. Lakini kuona ufuko si kuufikia. Penye barafu inayomeguka kila akiikwea, au penye matope yaliyosimama wima, mbwa huuona ufuko na akafa maji vilevile. Yeye huuona akiwa amekwisha kuanguka. Anayepaswa kuuona mapema ni yule aliyeshika kamba, aliyesoma jedwali la maji, aliyetazama jua, aliyekataa kupita ziwani.

Na hilo, wanachama, haliwahusu wenye mbwa wa Maine peke yao. Kila mmoja wetu ameshika kamba ya mtu au kiumbe fulani: mdogo wako unayemvusha barabara, ndama unayempeleka kisimani, hata yule mbwa aliye langoni kwenu ambaye hujampa maji tangu asubuhi. Yeye hakuchagua njia. Umemchagulia wewe.

MSAMIATI

Bamvua – maji ya bahari yanayojaa na kupwa sana, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu.
Maji mafu – maji yasiyojaa wala kupwa sana.
Ufuko (pia ufuo) – ukingo wa bahari, ziwa au mto.
Kipupwe – kwetu Pwani, majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti. Vitabuni hutumiwa pia kwa majira ya baridi ya Ulaya na Marekani.
Theluji – chembe nyeupe laini zinazoanguka kutoka mawinguni.
Barafu – maji yaliyoganda yakawa magumu.
Sakitu – umande ulioganda. Wakulima wa Nyandarua wanaujua unavyounguza viazi.
Matale – aina ya jiwe gumu sana.

MASWALI

1. Sahihisha: "Mbwa kali imelala kwa theluji." Eleza kila kosa.
2. Maji yamepwa kabisa Bar Island saa sita mchana. Mwenye mbwa aliyevuka saa tano na nusu anapaswa awe amerudi kabla ya saa ngapi?
3. Tofautisha barafu, theluji na sakitu kwa kutunga sentensi tatu.
4. "Kuona ufuko si kuufikia." Andika insha ya ukurasa mmoja kuhusu kauli hii. Usitumie mfano wa mbwa, tafuta wako.